Picha ya Mwisho ya Pamoja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Kiungo cha mtandao kilikatika mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Kimerudi.

Jumanne, 5 Machi

Mume wangu ni fundi cherehani. Leo, pini zikiwa mdomoni, ameniuliza hivi hasa kazini mimi hufanya nini. Tumeoana miaka sita! Nikacheka, kisha nikaona haya, nikaweka kikombe chini nikamweleza.

Ofisi yetu inawatafuta watu waliopotezana na ndugu zao wakati wa vita. Mtu anakuja, anakaa kwenye chumba cha mahojiano, anasimulia, na sauti yake inarekodiwa. Sauti, picha za watoto, majina, vyote vinaingia kwenye seva iliyo katika kachumba mwisho wa korido. Mimi ndiye mwangalizi wake. Kila saa seva hiyo hujipiga picha. Si picha ya sura, ni hali ya mafaili yote kama yalivyo wakati ule, ili kitu kikiharibika tuweze kurudi nyuma. Kisha picha hiyo hutumwa kwa mtandao hadi kwenye seva ya akiba, iliyoko tawi letu la ng'ambo ya mto.

"Inatumwa nzima? Kila saa?"

"Hapana. Yanatumwa mabadiliko tu, tangu picha ya mwisho ambayo seva zote mbili zinayo. Hiyo ya pamoja ndiyo inayoziunganisha. Ikifutwa upande mmoja, basi, haziwezi kuendelea zilipoishia."

Akatoa pini mdomoni. "Kumbe nimeoa mwanamke mwenye waume wawili, na mwenzangu ni wa chuma."

Alhamisi, 7 Machi

Diski inakaribia kujaa, na aliyeijaza namjua. Tunamwita Mama Sauti. Ndiye anayerekodi mahojiano, na mahojiano yake hayana mwisho. Nimesikiliza kipande kimoja: mtu anasema maneno mawili, kisha kimya, mvua, kiti kinalia, kimya tena.

Nikamfuata. "Shikamoo mama. Hivi zile sehemu ambazo mtu amenyamaza, huwezi kuzikata? Zinakula nafasi bure."

"Marahaba. Nikizikata, atakayesikiliza atadhani yalisemeka kirahisi."

Akarudi kumenya chungwa lake. Nimeondoka nimenuna.

Ijumaa, 8 Machi

Kiungo kimekatika. Kimerudi.

Jumatatu, 11 Machi

Kiungo kimekatika asubuhi, kimerudi adhuhuri, kimekatika tena. Mtandao wetu unapita hewani, kutoka mnara hadi mnara, na mvua ikikaza tu hakuna kinachopita. Kila kinapokatika napata ujumbe wenye mstari mwekundu. Simu yangu siku hizi ni nyekundu tupu.

Kule kwenye seva ya akiba ameajiriwa mtu mpya tangu mwezi uliopita. Hatujawahi kuonana, tunaandikiana tu. Nikimwandikia aangalie nyaya, anajibu "Sawa." Nikimwandikia azime awashe, "Sawa." Hata salamu hana. Nimempa jina la Bwana Sawa, na ofisi nzima wamelipokea.

Kwenye dari ya kachumba cha seva pameota doa la maji, la rangi ya chai. Nimemwambia Mkuu wa ofisi kwamba mfereji wa paa umeziba. Ameniambia, "Tutaliangalia." Huyu naye angekuwa na jina hilo kama si mkubwa wangu.

Jumatano, 13 Machi

Sikwenda kazini. Wifi yangu ameshikwa na uchungu alfajiri, mume wangu yuko safarini kununua vitambaa, kwa hiyo nimemsindikiza hospitali mimi. Mtoto wa kike. Wifi alinikamata mkono mpaka kucha zikaacha alama, na alipomaliza akasema, "Shemeji yako akiniambia habari ya wa pili, mwambie nimehama." Mumewe alikuwa nyuma yangu, analia kuliko mtoto.

Alhamisi, 14 Machi

Kazini. Mistari myekundu. Mvua. Nimewaonyesha wote picha ya mtoto kwenye simu.

Jumatatu, 18 Machi

Kiungo kimekatika, kimerudi, lakini ujumbe mwekundu bado unakuja. Mvua hii!

Alhamisi, 21 Machi

Vilevile.

Jumatatu, 25 Machi

Leo mvua ilipumzika. Jua kabisa, watu wameanika hadi magodoro. Kiungo kilikuwa kizima tangu asubuhi, na bado ujumbe mwekundu ukaja. Hapo ndipo nilipousoma. Sikuuangalia tu rangi, niliusoma maneno yake.

Haukusema kiungo kimekatika. Ulisema hakuna picha ya pamoja.

 Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za mashine. Tangu ile siku niliyokuwa hospitalini na wifi, seva ya akiba haijapokea kitu. Kila siku imekuwa ikiniambia, na mimi kila siku nikilaumu mvua.

Nani alifuta? Picha zote za zamani kwenye seva yetu zilifutwa siku ile ile, pamoja na ile ya mwisho ambayo kule ng'ambo walikuwa nayo. Nenosiri lililotumika ni la Bwana Sawa.

Nikamwandikia. Sitayanakili hapa niliyoandika. Neno "mzembe" lilikuwamo, na si mara moja. Jibu lilichelewa.

"Ni kweli nilifuta. Mkuu alinipigia simu. Diski ilijaa, mahojiano hayahifadhiki, na mama mmoja aliyetoka mbali alikuwa amekaa kwenye kiti anasubiri. Wewe hukupatikana. Nilitafuta nafasi haraka. Sikujua ile moja ina kazi gani. Samahani."

Nikaenda kwa Mkuu. Akakiri bila kusita. Nikaenda kwa Mama Sauti. "Yule mama alikuwa na homa," akasema. "Ningemwambia arudi kesho?"

Kila mmoja ana sababu yake, na zote ni nzuri. Mimi pia ninayo yangu, nilikuwa nimeshika mkono wa mzazi. Lakini kazi ya siku zote hizo iko sehemu moja tu, kwenye kachumba kenye doa la maji darini.

Jumanne, 26 Machi

Nimepanga hivi: tutume kila kitu upya, kuanzia mwanzo. Tatizo ni kwamba seva ya akiba haina nafasi ya kubeba nakala ya zamani na mpya kwa pamoja. Lazima ya zamani ifutwe kwanza. Nikamwandikia Bwana Sawa: "Futa nakala yote iliyoko kwako, nianze kutuma upya leo."

Nikaenda kuchukua chai. Niliporudi nikakuta jibu.

"Hapana."

Nililisoma mara kadhaa. Huyu huyu ambaye hajui neno jingine! Nikamwandikia kwamba hilo si ombi. Akajibu: "Nilishafuta mara moja bila kuelewa. Sifuti tena mpaka kipya kiwe kimefika."

"Hakiwezi kufika bila wewe kufuta!"

"Basi tutafute njia nyingine, dada."

Nikampelekea Mkuu mashtaka. Akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Tutaliangalia." Nilitoka nikafunga mlango kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa.

Mvua imerudi.

Jumatano, 27 Machi

Siku nzima ya kubishana. Sijafanya kitu.

Alhamisi, 28 Machi

Nimekubali yaishe. Njia nyingine ipo, ya kizamani: kuacha habari za picha na kunakili faili moja moja, yale tu yaliyoingia tangu siku ile. Bwana Sawa amenitengea pembe kwenye diski yake. Ningeweza kubeba yote mkononi kwenye diski ndogo nikavuka mto kwa basi, lakini sheria ya ofisi inakataza ushuhuda wa watu kutoka kwa namna hiyo. Na vinasa sauti hufutwa jioni ileile, ili visiibwe vikiwa na maneno ya watu ndani. Nimemwomba Mkuu aruhusu mara hii moja. Jibu lake sina haja ya kuliandika.

Mafaili ya Mama Sauti ni makubwa, mvua inakata kiungo, kunakili kunaanza upya. Yanakwenda kama mtu anayevuka tope na viatu vya harusi.

Ijumaa, 29 Machi

Yanakwenda.

Jumatatu, 1 Aprili

Yanakwenda. Yaliyobaki ni machache. Bwana Sawa ameandika bila kuulizwa: "La leo nimelifungua, linasikika vizuri. Mzee mmoja anacheka humo." Sikujua kama huwa anayasikiliza.

Jumanne, 2 Aprili

Naandika nikiwa bado na nguo zilizoloa.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mvua ilianza kama kawaida, kisha ikawa si kawaida. Nilikuwa mezani kwangu natazama faili likinakiliwa niliposikia kishindo mwisho wa korido, kama mtu ameangusha gunia. Nikakimbia. Dari yote ya kachumba ilikuwa chini. Maji yalikuwa yanamiminika kutoka kwenye paa kama bomba, moja kwa moja juu ya seva, na taa zake za kijani zilikuwa bado zinawaka chini ya maji, zinapepesa kana kwamba hakuna neno.

Nilitaka kuingia. Mama Sauti akanidaka kwa nyuma, kiunoni. Sikujua ana nguvu vile. "Umeme!" akanipigia kelele sikioni. "Utamwachia nani mumeo?" Nikageuka, nikakimbilia swichi kuu kwenye ukumbi, nikaishusha. Ofisi nzima ikawa kimya, ikabaki sauti ya maji.

Na Mkuu? Nilipotoka nje kutafuta turubai nilimwona juu ya paa. Bwana mkubwa mzima, amevua viatu, soksi zimeloa, suruali imekunjwa hadi magotini, amelala kifudifudi anachimbua majani kwenye mfereji kwa mikono. Tulimwita ashuke, radi zilikuwa zinapiga. Hakushuka mpaka maji yakapata njia. Aliposhuka kiganja chake kilikuwa kimechanwa na bati, damu inatiririka na mvua. Hakusema tutaliangalia. Alisema, "Uliniambia. Uliniambia, na mimi…"

Tukaibeba seva wanne, ikamwaga maji kila pembe. Mama Sauti akavua kitenge chake cha mabegani akaifuta nacho, taratibu, kama mtu anayefuta uso wa mgonjwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Fundi wa diski amezikausha, amezifungua, amezijaribu moja baada ya nyingine. Seva ile imeundwa kuvumilia diski mbili zikifa. Zimekufa nne. "Dada yangu," ameniambia, "nisikudanganye. Hapa hamna kitu."

Jumamosi, 6 Aprili

Bwana Sawa ameileta seva ya akiba yeye mwenyewe. Daraja la magari limefungwa, kwa hiyo ameizungusha kwa njia ya mbali, kwenye kiti cha mbele cha teksi, imefungwa mkanda, yeye amekaa nyuma. Nilikuwa nimejijengea kijana mvivu, miguu juu ya meza. Aliyeshuka ni mtu mzima wa umri wa baba yangu, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi.

Nikakumbuka yote niliyomwandikia. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe? Nilidhani ni jitu la miraba minne, kwa ile barua." Akacheka peke yake. Kisha akaeleza, bila mimi kuuliza, kwamba anaandika kifupi kwa sababu vidole vyake vya kulia havikunjuki vizuri. Kila herufi inamgharimu.

Tuliiwasha pamoja. Yote yalikuwamo, ya miaka yote hadi siku ile wifi alipojifungua, na juu yake mafaili niliyonakili moja moja. Kama angenitii, ile Jumanne ya mabishano, picha nzima isingewahi kuvuka kwa mvua ile, na leo tusingekuwa na sauti hata moja. Hata moja. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akauliza kama kuna chai.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimelinganisha. Mahojiano ambayo hayakuwahi kuvuka ni ya watu watano.

Mkuu, kiganja kikiwa na bandeji, ametia saini ruhusa ya nakala ya tatu, itakayobebwa kwa mkono kila wiki katika diski iliyofungwa kwa nenosiri. Mafundi wa paa wameanza leo. Anawasimamia mwenyewe.

Jumatano, 17 Aprili

Mama Sauti amesema tutakwenda kwa wale watano, si kuwapigia simu. "Na wewe utakuja," akaongeza. Sikubisha.

Leo tumemaliza wanne. Wote wamekubali kurudia. Yule mama mwenye homa bado anaugua, ametukaribisha akiwa kitandani, akaongea amelala ubavu. Nimeketi ndani ya mahojiano kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Walipokuwa wananyamaza nilitaka ardhi inimeze, nikatazama sakafu, nikahesabu nyufa. Mama Sauti hakutazama pengine. Aliwatazama wao tu, akasubiri. Nikakumbuka nilivyomwambia akate.

Alhamisi, 18 Aprili

Wa tano ni fundi viatu, ana kibanda pembeni mwa soko. Alipoteza mabinti wawili kwenye msongamano wa kituo cha mabasi, mwaka ule wa kukimbia. Mmoja alikuwa mgongoni kwa mama yao, na mama hakuonekana tena. Wa pili alikuwa ameshika mkono wake yeye.

Nilimweleza mimi. Nilisema maji yaliingia kupitia bati, mashine ikafa, na nakala haikuwa imefika upande wa pili kwa sababu sikuona mapema kwamba haifiki. Alikuwa anashona soli. Hakuacha.

"Kwa hiyo yale niliyosema hayapo."

"Hayapo, mzee."

"Miaka yote hii sikuwahi kumwambia mtu. Mke niliyenaye hajui. Nilikuja kwenu nikasema." Akakata uzi kwa meno. "Sasa unataka nirudi kule kituoni mara ya pili, kwa sababu ya bati."

"Ndiyo, mzee. Samahani."

"Nendeni salama."

Tukaondoka. Mama Sauti alinishika mkono mpaka tukafika kwenye basi.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua zinapungua. Kiungo kizima siku nzima. Picha za kila saa zinavuka na kupokelewa. Nasoma kila ujumbe, hata wa kijani.

Wifi amekuja na mtoto. Amenenepa, analala akikunja ngumi. Mume wangu amemshonea kofia kubwa mno. Wageni walipoondoka nililia, mume wangu akaniuliza nini, nikasema sijui.

Jumanne, 14 Mei

Amekuja.

Yule fundi viatu alisimama mlangoni kwangu, si kwa Mama Sauti, kofia mkononi. Nikainuka haraka nikagonga goti kwenye meza. "Mama yuko chumba cha pili, nimwite?"

"Hapana. Si wewe uliyeipoteza?"

"Ni mimi."

"Basi kaa wewe."

Tukaingia chumba cha mahojiano, mimi na yeye. Nikawasha kinasa sauti kama nilivyoona wenzangu wakifanya. Akasimulia. Jina la kijiji, majina ya mabinti, nguo walizovaa, kovu la mkubwa kwenye nyusi. Alisema kile kiganja cha mtoto kilikuwa kimeloa jasho na ndiyo maana kiliteleza, hakukiachia, kiliteleza. Alilisema hilo mara nyingi. Aliponyamaza nilimtazama yeye, sikutazama sakafu. Alikuwa na macho makavu kabisa.

Alipomaliza akauliza kama mara hii itakaa. Nikamwambia kabla hajafika kibandani kwake itakuwa ng'ambo ya mto, na wiki hii itakuwa mahali pa tatu. Akaitikia, akavaa kofia, akaenda zake.

Mama Sauti alikuwa kwenye benchi la korido, amesikia mlango. Akaomba kusikiliza. Nikampa vipokea sauti vya masikioni, nikakaa karibu yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kujitikisa. Mwisho ulipofika hakuvivua, alibaki amevikandamiza kwa viganja viwili kama anayengoja kitu zaidi.

"Kuna kilichopungua?" nikamuuliza.

"Mara ya kwanza aliimba," akasema. "Wimbo aliokuwa akiwabembelezea. Aliutunga mwenyewe, una majina yao ndani. Aliuimba wote."

"Unaukumbuka?"

Akafumba macho, midomo ikachezacheza. Akaanza, akakosea, akaanza tena, akaacha.

"Wale walikuwa wadogo," akasema. "Wakipatikana leo hawatajua jina la kijiji wala nguo. Ule wimbo wangeujua."

Niliinuka nikakimbia hadi getini. Barabara ilikuwa kavu, watu wengi, jua linawaka. Nilimwona mbele kabisa, kofia yake. Nikamwita. Akageuka, akanisubiri. Nilipomfikia nilikuwa nahema, nikamwambia kuhusu wimbo, kama angeweza, hata kidogo, hata hapa.

Alinitazama bila hasira yoyote.

"Binti," akasema, "nilijaribu. Pale ndani, nilipokuwa kimya, nilikuwa naujaribu."